Mnaopanda kwa wazee Desemba hii: anzeni na choo, maji na ngazi, geti lisubiri

#1

Habari zenu wakuu. Desemba ndiyo hiyo inakuja, wanaopanda mlimani Kilimanjaro washaanza kuhangaika na tiketi za basi, wengine tangu treni ya Dar kwenda Moshi irudi 2019 wamehamia huko moja kwa moja. Nataka tuongee sasa hivi kabla watu hawajafunga mizigo, maana ukishafika na fundi ameshaitwa na simenti ishashushwa hakuna tena wa kukusikiliza.

Suala lenyewe ni hizi kazi tunazofanyaga nyumbani tukienda kusalimia. Kila mtu anataka aache kitu, na hilo ni jambo jema kabisa silipingi. Ila angalia hela inakoenda. Geti jipya la chuma, rangi ya ukuta wa mbele, pevingi ya kugeuzia gari. Halafu zunguka nyuma ya nyumba. Choo kiko bondeni kule chini kwenye migomba, njia ni udongo mwekundu ukinyesha tu hapapitiki, taa hakuna, na bimkubwa wa miaka sabini na kitu anateremka hapo saa nane usiku kashika tochi ya simu. Geti analifungua mara ngapi kwa siku? Choo anaenda mara ngapi?

Msimamo wangu ni huu: kazi ya kwanza iwe ile inayomchosha au kumhatarisha mzee kila siku, hasa zile siku ambazo sisi hatupo, ambazo ndizo nyingi. Vinavyoonekana barabarani vifuate baadaye hela ikibaki.

Na usimuulize "mama unahitaji nini". Wazee wetu wa Kichaga (na sidhani kama ni wetu tu) watakujibu hatuna shida mwanangu, mmefika salama inatosha. Amka nao alfajiri. Nenda nao kuchota maji, nenda nao bandani kwa ng'ombe, beba ndoo yeye atangulie. Utaona mwenyewe wapi anashika ukuta, wapi anasimama kupumua, mlango gani anausukuma kwa bega kwa sababu bawaba zimeoza, kitu gani kiko juu sana inabidi apande stuli. Asubuhi mbili za namna hiyo zinakupa orodha ambayo hakuna kikao cha familia kingeitoa.

Sasa kwenye choo. Kama uwezo wa kuingiza choo ndani upo, fanyeni, ila hiyo inataka shimo, mabomba na maji ya uhakika kwa hiyo sio kazi ya likizo fupi, anzeni mapema mkiwa bado mjini, fundi afike kabla yenu. Kama haiwezekani, boresha kile kilichopo. Kuchuchumaa ndiko kunakowaumiza magoti. Unaweza kujengea kiti cha matofali juu ya tundu, kimo cha kama sentimita 45, kipigwe plasta laini na niru ili kisafishike, ubavuni unachimbia bomba la chuma la kushikia wakati wa kuinuka. Bomba lishikwe na zege, usilifunge kwa misumari kwenye mbao, siku likichomoka ndiyo siku mtu anavunjika nyonga. Njia ya kwenda huko iwe na ngazi fupi fupi, kimo cha sentimita 15 inatosha, zote zilingane, na simenti ya juu ivutwe kwa ufagio ikiwa bado mbichi ili iwe na mikwaruzo. Ile sakafu ya kung'aa tunayoipenda sebuleni ukiiweka nje mlimani umetengeneza mtelezo. Halafu taa za sola mbili tatu kando ya njia.

Hapa kuna jambo watu wanakosea sana. Kazi ya simenti ianze siku ya kwanza, sio mwisho. Zege linatakiwa kumwagiwa maji angalau siku saba, na nguvu yake inahesabiwa kwenye siku ya 28. Mtu anafika, anakula sikukuu, anakumbuka ngazi tarehe 30, anamwaga zege, tarehe 2 anashuka Dar, hakuna anayelimwagilia, Machi masika inakuta linapukutika. Kama siku zako ni chache mwaga zege kesho yake ya kufika, funika na magunia au majani makavu ya migomba, watoto wapewe jukumu la kumwagilia asubuhi na jioni. Watoto wa mjini wanaipenda sana hiyo kazi.

Maji. Kwetu sehemu nyingi mvua ipo, vuli na masika, lakini maji ya bomba yanatoka yanapojisikia, na mfereji nao una zamu zake. Wakati huo bati lote lile juu ya nyumba linamwaga maji chini yanachimba msingi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48, mvua ya milimita 20 inakupa lita 960. Toa yanayoruka na yanayopotea, bado tanki la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua ya siku moja. Ukiweka gata upande mmoja tu kata hiyo hesabu nusu. Tanki likijaa lita 1,000 ni tani moja kwa hiyo usiliweke juu ya matofali manne na mbao, jenga kitako cha mawe na zege kilichonyooka. Na koki iwe juu kiasi cha ndoo ya lita 20 kuingia chini yake, sio mtu ainame na kikombe.

Paa nalo, panda ukiwa na mtu anayejua, kanyaga kwenye mistari ya misumari maana ndiko papi (mbao zinazobeba bati) zilipo, katikati bati la zamani linabonyea. Mara nyingi linalovuja ni tundu la msumari uliolegea au mpira wake umekauka. Hakuna haja ya kuezua nyumba nzima.

Umeme sitaki kuongea sana. Ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni inapita chini ya zulia mpaka kwenye friji, ondoeni hiyo kitu, muite fundi mwenye leseni ya EWURA akague ethi na saketi breka. Usijaribu mwenyewe.

Sasa shamba, na hapa nawaomba sana tuwe na adabu. Mtu anatoka mjini na panga jipya anataka kusafisha kihamba (lile shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba) kionekane kama bustani ya hoteli. Kihamba kina akili yake. Mgomba unaachiwa mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine ndiyo yanatolewa, kwa hiyo kabla hujakata muulize mzee yupi anabaki. Majani makavu yanatandazwa chini, hayachomwi, hayo ndiyo yanashika unyevu. Shina lililokwisha kuzaa likatwe katwe vipande na kupasuliwa likauke, ukiliacha limelala zima fukusi (wadudu wanaotoboa migomba) wanazaliana humo. Kahawa usiiguse kabisa kama hujafundishwa, yale matawi unayoyaona hayana kitu leo ndiyo yatakayobeba mwakani, na kupogolea kunasubiri mavuno yaishe. Migrivea inayotoa kivuli usiikate kwa sababu inaziba picha ya kilele cha Kibo. Kama kuna mti umeelemea nyumba kweli, pita kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, halafu tafuta mtu wa kamba anayejua kuangusha.

Na masale, tafadhali sana. Ile mimea ya majani marefu pembeni ya kihamba sio magugu ya uzio. Ndiyo mpaka wenyewe, yalipandwa na mababu mbele ya majirani, na ndiyo hayo hayo mtu anayabeba akienda kuomba msamaha. Ukiyang'oa ili upige ukuta wa tofali bila kuwaita jirani na wazee wa ukoo umeanzisha kesi ambayo wewe unaiacha unaenda zako mjini, mzee wako ndiye anabaki nayo.

Mwisho kama kuna msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa mfereji au barabara wiki hiyo, toka na jembe. Kutuma hela ya faini kila mwaka hakujengi kitu kwa mzazi wako, siku akiugua usiku watakaombeba ni hao hao wa kwenye msaragambo.

Karibuni, hasa mafundi na wenye wazee wenye umri mkubwa.

#2

Mkuu umeongea vizuri ila mimi natofautiana kidogo. Tunaenda kupumzika, mwaka mzima umefanya kazi. Kwa nini nisitume hela tu mwezi wa kumi fundi afanye, mimi nikifika nakuta tayari? Pia ukishika jembe unamnyima kijana wa pale kibarua chake.

#3

Mimi ni fundi niko Himo, naongezea kidogo kwenye gata maana huko ndiko tunaitwa kurudia kazi kila mwaka.

Gata lazima liwe na mteremko, nusu sentimita kwa kila mita inatosha, vuta kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) kabla hujapiga kishikio hata kimoja. Macho yanadanganya sana mlimani kwa sababu nyumba nyingi uwanja umelala upande, tumia pima maji. Vishikio usivitawanye mita mbili mbili kuokoa hela, gata likijaa maji na majani ni zito, weka kila baada ya sentimita 60 hivi. Kama fisha bodi imeoza badilisha kwanza, huwezi kufunga kitu kipya kwenye mbao inayomeguka kwa kidole.

Mdomo wa tanki uwe na wavu, mbu wasitage na majani yasiingie. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize, bomba liwe na sehemu ya kuchomoa maji yamwagike chini mpaka bati lioshike. Na ile bomba ya kutolea maji tanki likijaa, watu wanaisahau, maji yanamwagika pale pale kwenye kitako kinachimbika tanki linainama. Ielekeze kwenye migomba.

Bati ukinunua la kubadilishia angalia geji, namba ikiwa ndogo bati ni nene. 28 ni nene kuliko 30. Wengine wanauziwa 32 wanaambiwa ni zuri kwa sababu namba kubwa. Na mkipanda vifaa nunueni chini mjini kwa mara moja mkodi kirikuu, elbo moja ikipungua mkiwa juu huko bodaboda ya kwenda na kurudi inakula hela kuliko elbo yenyewe.

#4

Shikamooni wakubwa. Mimi naenda ukweni, ni mara yangu ya pili kwenda tangu tufunge ndoa. Nimesoma yote nimefurahi ila mbona jikoni hamjagusa? Wanaume wakiwa kwenye gata na migomba sisi tuko jikoni kuanzia alfajiri, mtori, ndizi za nyama, chai ya wageni, watu arobaini, na jiko ni lile la mafiga lenyewe kidirisha kama cha kitabu. Mama mkwe anakohoa mwaka mzima na watu wanasema ni baridi ya mlimani. Natamani sana tumsaidie ila mimi ni mgeni pale siwezi kumwambia mama jiko lako baya. Naanzia wapi?

#5

Dada wa ukweni kwanza hongera kwa kuliona hilo, kusema kweli lilistahili kuwa juu kabisa kwenye andiko langu.

Usiseme wewe. Mwambie mumeo, mumeo aongee na mama yake wakiwa wawili, au apite kwa wifi yako mkubwa ambaye mama anamsikiliza. Na lisije kama "jiko ni baya", lije kama "mama tunataka kukujengea". Vitu vinavyosaidia haraka ni hivi, kupanua dirisha au kutoboa matundu juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana ili moshi upite, na kujengewa jiko banifu la udongo na matofali lenye bomba la kutolea moshi linalovuka juu ya paa. Lile la mafiga msilivunje siku hiyo hiyo. Mama mwenye sufuria la kupikia wageni arobaini lazima awe na pa kuliweka, na akiona jipya linakula kuni kidogo atahama mwenyewe. Kuni nazo zipatiwe pa kukauka, kibanda kidogo cha bati tu, kuni mbichi ndiyo nusu ya moshi wote ule. Na hicho kikohozi kikizidi wiki mbili apelekwe hospitali apimwe, msikiache kwenye maneno ya baridi.

Wewe binafsi unachoweza kufanya bila kuomba ruhusa ya mtu ni kuwaambia vijana wa nyumba wakuletee bomba la maji mpaka mlangoni mwa jiko. Hakuna mama mkwe atakayekasirika kwa hilo.

Mkuu #2, kutuma hela mapema nakubaliana na wewe, nimesema hata kwenye choo fundi atangulie. Kijana wa kibarua naye aitwe alipwe, mwende pamoja. Ila fundi peke yake atajenga alichoambiwa kwa simu. Hajui kama mama anainuka kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uliwahi kuvunjika, kwa hiyo bomba la kushikia atalipiga kulia kama kawaida. Hiyo hutaijua mpaka ukae naye. Na kingine, wazee wetu wengi hawakai kwenye kochi wakaanza kukusimulia mambo yao. Ukiwa unashikilia mbao yeye anapiga msumari, hapo ndipo anakwambia shamba la kule chini nani analidai, presha yake imepanda lini, na anataka azikwe upande gani wa kihamba. Mimi mambo yote makubwa ya mzee nimeyasikia tukiwa na jembe mkononi.

#6

Wakuu naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaobaki. Mimi ni kitindamimba, kwa mila yetu ndiye niliyeachiwa nyumba ya wazazi, niko nao mwaka mzima. Nawapenda kaka na dada zangu na wanasaidia sana hilo siwezi kukataa.

Lakini Desemba ikifika inakuwa kama nyumba imepata wenyewe. Mtu anahamisha banda la kuku kwa sababu linanuka karibu na anapopaki gari, anaenda zake tarehe 3, mimi nabaki na banda liko pembeni kule na kicheche amepata njia. Mtu ananunua pampu ya maji nzuri kabisa, anamwonyesha mzee jinsi ya kuwasha, mzee kesho yake kasahau, mimi sikuitwa kuonyeshwa. Imekaa stoo. Mwingine anamleta mbuzi wa maziwa wa kisasa ni zawadi ya mama. Majani ya huyo mbuzi nayakata mimi.

Ombi langu ni dogo. Kabla hamjapanga kwenye grupu la WhatsApp la familia nipigieni nimwambie kaka bati limetoboka wapi, nani fundi mzuri na nani alikula hela ya watu. Mkimaliza kazi nikabidhini mimi, na risiti, na vipuri viwili vitatu vya akiba, koki inayofanana, balbu, mipira ya kuzuia kuvuja. Na mkiona kazi niliyokwisha kufanya mwaka huu mseme. Mama huwa anasifia geti la kaka mbele ya wageni, na mimi ndiye nimemwogesha asubuhi.

#7

#6 umenigusa sana mdogo wangu. Niko Muscat huu mwaka wa ngapi sijui, natuma hela, na aliyebaki na mama Pangani ni dada yangu mdogo. Sijawahi kumpigia kumuuliza kabla ya kutuma, natuma na maelekezo. Nampigia leo leo.

Kwa wa pwani nyongeza ndogo: kwetu zege sio shida sana kama chumvi. Bati, bawaba, misumari na nondo vinaliwa haraka, kwa hiyo mkienda kwa wazee Tanga, Pangani, Bagamoyo huko, kagueni vyuma vyote vya kushikia na vitasa kila mkienda, msione kimepakwa rangi mkadhani ni kizima. Na mchwa kwenye nguzo za baraza, gonga kwa kitako cha kisu, ikilia tupu ndani hakuna mti tena humo.

#8

#6 mdogo wangu hayo uliyosema yaanze kufanyiwa kazi na kila anayesoma hapa. Naongeza jambo moja la utaratibu, hela ya kazi ya Desemba ikishachangwa itengwe na kifungu cha anayebaki. Sio posho ya kumshukuru, ni hela ya matengenezo ya mwaka, gata litaziba Aprili, koki itavuja Juni, na yeye hana mshahara wa kununulia. Kiasi mtakubaliana wenyewe kwenye familia kulingana na uwezo, ila kiwepo na asiulizwe risiti ya kila msumari.

Pia fundi wa Himo ninakuuliza, kwa nyumba ambayo paa lake ni la zamani bati zina kutu karibu zote lakini hazivuji, maji yake tuyaingize kwenye tanki au tusubiri kubadilisha bati?

#9

Kutu ya kawaida juu juu sio tatizo kwa kufulia, kuoshea, kunyweshea ng'ombe na kumwagilia. Ya kunywa chuja na uchemshe kama kawaida. Nisichokubali ni paa lililowahi kupakwa lami au rangi ambayo hamuijui ni ya nini, hilo maji yake peleka shambani tu. Na kama ni yale mabamba ya kijivu ya zamani ya asbesto, msiyatoboe, msiyasugue na msiyavunje, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, tafuteni ushauri kwanza kabla ya kupandisha mtu juu.

Kwa bati za kutu anza na upande ulio juu ya chumba cha wazee, badilisha huo kwanza, gata lianzie hapo hapo. Upande wa pili mwakani. Mwenye vipimo vya paa aniwekee hapa urefu na upana nimpigie hesabu ya vishikio na elbo kabla hajapanda.